bioRxiv upande wa maikrobayolojia: tafiti za vijidudu zikiwa bado za moto

Wadau wa mambo ya bakteria, virusi na fangasi, leo nataka niwape rivyu ya huduma moja ambayo kiukweli naona wapenda sayansi wengi hawaijui kabisa, au waliisikia tu kipindi cha korona halafu wakaisahau. Inaitwa bioRxiv, inatamkwa bayo-akaivu, na naongelea zaidi upande wake wa maikrobayolojia maana ndo ninaoshinda humo. Niseme mapema kabisa, naikubali sana, nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki nitaeleza imeenda wapi.

Kwa asiyejua, hii ni hifadhi ya mtandaoni ambako watafiti wanaweka makala zao kabla hazijakaguliwa na wanasayansi wenzao na kabla jarida lolote halijazichapa. Ilianzishwa Novemba 2013 na Cold Spring Harbor Laboratory kule Marekani, na tangu 2025 iko chini ya shirika lisilo la faida linaloitwa openRxiv, pamoja na medRxiv iliyokuja 2019 kwa ajili ya tafiti za tiba. Kusoma ni bure, kudaunlodi bure, na mtafiti naye halipi kitu kuweka kazi yake. Hakuna kujisajili ndo usome, unaingia tu, unachagua fani, unaanza kuskrol kuanzia zilizowekwa karibuni.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni kwamba unaona elimu ikiwa bado inapikwa. Habari za vijidudu zinazotufikia wengi wetu zimeshapita kwa mtafiti, kwa mhariri wa jarida, kwa ofisi ya habari ya chuo, kwa mwandishi wa gazeti, na kila anayezishika anapunguza kitu na kuongeza chumvi yake. Humu unakutana na wenye kazi wenyewe, na michoro yao, na mashaka yao wameyaandika kabisa.

Mfano mzuri ni obeliski. Januari 2024 timu ya Chuo Kikuu cha Stanford kutoka maabara ya Andrew Fire iliweka makala ikisema wamekuta ndani ya mwili wa binadamu vitu ambavyo havikuwa vimeelezwa na mtu yeyote, vipande vya RNA (molekuli ndugu ya DNA) vya duara vyenye herufi za kijenetiki kama 1,000 hivi, vinavyojikunja vikawa mfano wa fimbo ndefu, na vina maelekezo ya kutengeneza protini ambazo hazifanani na protini yoyote inayojulikana. Wakaviita obeliski na protini zake wakaziita oblini. Na sikilizeni, hawakwenda kuchukua sampuli mpya hata moja ili kuvigundua! Walichimba kwenye data za RNA ambazo watu wengine walishaziweka wazi miaka ya nyuma, yaani vitu vilikuwa vimelala kwenye kompyuta za dunia nzima na hakuna aliyeviona. Walipopekua zaidi wakapata aina karibu 30,000, na kwenye mkusanyiko mmoja wa data za mdomoni vilionekana kwenye karibu nusu ya sampuli.

Nilipoisoma ile makala niliganda kwenye sehemu ya Streptococcus sanguinis, bakteria wa kawaida tu anayekaa kwenye meno. Walionyesha kwamba obeliski mojawapo inaishi ndani ya bakteria huyo, afu wakatazama, je bakteria akiikosa anapata shida? Kwenye mazingira ya maabara anakua vizuri tu bila hiyo obeliski. Sasa hapo ndo napenda watafiti wa namna hii, hawakukimbilia kusema tumepata chanzo cha ugonjwa, walisema kitu kipo, kinakaa kwa huyu, na kazi yake bado haijulikani. Jarida la Cell likaja kuichapa mwishoni mwa mwaka huohuo, kwaiyo aliyekuwa anafuatilia bioRxiv alishaishi na obeliski miezi mingi kabla ya hapo.

Kwenye magonjwa yanayosambaa, hiyo miezi ina uzito wake. Machi 2024 Marekani ilithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N1 kwa ng'ombe wa maziwa, kitu ambacho wengi hawakukitegemea, na maswali yakawa mengi, imetoka wapi, imeingia mara ngapi, inabadilikaje. Mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo wanasayansi wa idara ya kilimo ya huko na wenzao walikuwa wameshaweka bioRxiv uchambuzi wa vinasaba unaoonyesha kwamba virusi viliruka kutoka kwa ndege kwenda kwa ng'ombe mara moja, inaelekea mwishoni mwa 2023, halafu vikawa vinasambaa ng'ombe kwa ng'ombe vikisafirishwa na mifugo inayohamishwa jimbo hadi jimbo. Toleo la jarida la Science lilitoka Aprili 2025. Hesabu mwenyewe hapo katikati ni muda gani, na huo ndo muda ambao maabara nyingine zilihitaji kujua cha kutafuta. Sisemi jarida lilichelewa kwa uzembe, ukaguzi mzuri unachukua muda, nasema tu kwamba virusi havisubiri ukaguzi.

Afu kuna raha ya kuona maisha yenyewe yalivyo ya ajabu. Nataja chache nilizozipenda.

Agosti 2019 Wajapani waliweka makala ya kiumbe cha kundi la akea, yaani vijidudu vya seli moja ambavyo si bakteria, kale kanakohusiana kwa karibu na mababu wa seli kama zetu, walichokitoa kwenye tope la chini ya bahari kina cha mita 2,533, na kukiotesha maabara kuliwachukua miaka 12. Kanajigawa mara moja kwa siku 14 mpaka 25, wakati E. coli, bakteria wa kawaida wa utumboni, kwenye hali nzuri anajigawa kwa dakika 20. Miaka 12 mnangoja kitu kiote! Na hakaishi peke yake, kanategemea vijidudu vingine vya pembeni kula kinachotoka kwake. Jarida la Nature lilikuja kuichapa Januari 2020.

Februari 2022 ikaja Thiomargarita magnifica, bakteria kutoka kwenye mikoko ya Guadeloupe, urefu wake kwa kawaida karibu sentimita moja na wengine wanafika mbili. Bakteria mmoja, seli moja, unamwona kwa macho bila hadubini. Na siyo ukubwa tu, DNA yake imefungwa kwenye vifuko vidogovidogo ndani ya seli badala ya kuelea tu kama tulivyofundishwa kuhusu bakteria. Kile kitabu cha darasani kinachosema bakteria hana vyumba ndani, hapo kiliguswa pabaya.

Halafu Mei 2025 ikaja ya kwangu kabisa, Sukunaarchaeum mirabile. Hako kana jenomu, yaani DNA yake yote, ya herufi 238,000 tu, ndogo kuliko akea yeyote aliyejulikana, na karibu maelekezo yote yaliyobaki ni ya kunakili DNA na kutengeneza protini, mambo ya kujitengenezea chakula karibu yote yamefutika. Yaani kanakula kwa mwenyeji, kanajengwa kwa vifaa vya mwenyeji, kamebaki na kazi moja ya kujizalisha. Kirusi si kirusi maana kana mashine zake za protini, na seli kamili huwezi kusema kwa uhakika. Watafiti hawakuwa wanakatafuta, walikuwa wanasoma DNA ya planktoni mmoja wa baharini pamoja na bakteria wanaoishi naye, wakakuta hii jenomu imejichanganya humo. Ukitaka kuelewa vimelea wa magonjwa wanavyokuwa, anzia kwenye hadithi za namna hii, maana bakteria wengi wanaotuumiza nao wamepita njia hiyo ya kutupa jeni wasizozihitaji wakishazoea kuishi kwa mtu mwingine. Anayesababisha ukoma ni mfano unaojulikana sana, jeni zake nyingi zimekufa zimebaki magofu kwenye DNA.

Haya tuje kwenye ile nyota iliyokosekana.

Kabla makala haijawekwa inapitiwa, lakini kupitiwa kwenyewe ni kuangalia kama ni sayansi kweli, kama siyo ya wizi, kama haina kitu cha kuhatarisha watu. Hakuna anayekaa chini kuangalia kama jaribio lilifanywa sawasawa. Na wenyewe hawafichi, wameandika wazi kwamba makala hizi hazijakaguliwa. Tatizo liko kwa anayesoma kichwa cha habari na kukimbia nacho.

Kisa kinachojulikana ni cha tarehe 31 Januari 2020. Ikawekwa makala ikidai kwamba virusi vipya vya korona vina vipande vinne kwenye protini yake ya nje vinavyofanana na vya virusi vya UKIMWI, ufanano ambao waandishi walisema si rahisi utokee wenyewe. Mtaani na mitandaoni ikawaka moto. Wanasayansi wakaingia kwenye ukurasa uleule, wakaanza kuonyesha kwamba vile vipande ni vifupi mno, na ukivitafuta kwenye hifadhi za vinasaba unavikuta kwa viumbe kibao visivyohusiana kabisa. Tarehe 2 Februari waandishi wenyewe waliiondoa. Siku mbili tu. Kuna anayeona hapo mfumo umefeli na kuna anayeona umefanya kazi, na mimi niko upande wa pili lakini si kwa asilimia mia, kwa sababu ile kauli ilishatoka na mpaka leo unakutana na mtu anairudia kama jambo lililothibitishwa, wakati kufutwa kwake hakukusambaa hata robo ya hapo. Baada ya hapo bioRxiv waliweka tangazo juu ya kurasa likisema ripoti hizi ni za awali, zisitumike kuongoza tiba wala kutangazwa kama habari zilizothibitika.

Kitu kizuri ni kwamba makala ikiondolewa haipotei. Ukurasa unabaki, na alama kwamba imeondolewa, na toleo la zamani bado unaweza kulisoma. Na hapa naomba mnisikilize maana naona watu wengi wanaruka hii sehemu: bonyeza historia ya matoleo! Kila makala ina toleo la kwanza, la pili, wakati mwingine la tatu na la nne, na ukilinganisha unaona kitu ambacho jarida halikuonyeshi. Toleo la kwanza kichwa kinasema kijidudu fulani kinasababisha, la pili kinasema kinahusishwa. Toleo la kwanza panya wachache, la pili wameongeza na ule mstari mzuri wa kwenye mchoro umelegea kidogo. Hapo unajifunza sayansi inavyofanyika kuliko semina yoyote. Na makala ikishachapwa na jarida, ukurasa unakuwekea linki ya kule, kwahiyo unaweza ukasoma zote mbili kwa pamoja.

Kingine nakipenda ni kwamba mwandishi anatakiwa aseme aina ya matokeo yake, mapya, ya kuthibitisha, au ya kupinga yaliyotangulia. Majarida mengi makubwa hayana hamu sana na mtu aliyerudia jaribio la mwenzake akapata jibu lilelile, wala aliyerudia akakosa, ila humu anapata nafasi sawa na wengine. Kwenye maikrobayolojia hii ni muhimu mno kwa sababu vijidudu vinabadilika tabia kwa vitu vidogo, joto, aina ya chakula cha kuoteshea, nasaba ya bakteria uliyotumia, vimekaa maabara miaka mingapi. Nikiona imeandikwa ya kupinga nafungua kabla ya nyingine zote.

Upande wa usugu wa dawa nako kuna utajiri lakini kuna mtego. Mtu asiyezoea atakuta makala nyingi zinasema wamepata njia ya kuua bakteria sugu, na kwenye kusoma unakuta ni kwenye sahani ya maabara. Sahani siyo mwili. Bakteria kwenye sahani yuko peke yake, anakua haraka, kila mmoja dawa inamfikia. Mwilini amejenga utando pamoja na wenzake, wengine wamelala hawakui kabisa na antibayotiki nyingi zinapiga anayekua, kuna kinga ya mwili, kuna oksijeni kidogo. Ndo maana mimi nikishamaliza ikisiri siendi kwenye hitimisho, naenda moja kwa moja kwenye njia walizotumia, natafuta walijaribu wapi: sahani, seli, panya, au sampuli za wagonjwa. Hilo swali moja linakupangia uzito wa kila kitu kilichobaki. Na suala lenyewe siyo dogo, makadirio yaliyochapwa na jarida la tiba la Lancet 2022 yalisema mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, kwaiyo mtu akitangaza dawa mpya tuna haki ya kumuuliza ameijaribu wapi.

Pia bioRxiv haikupi msingi. Haikukusudiwa kwa makala za mapitio zinazokusanya elimu yote ya jambo moja, ni tafiti zenyewe tu. Chukua Candida auris, ule fangasi sugu wa hospitalini. Ukiingia humo bila kujua kwamba alielezwa mara ya kwanza 2009 kutoka kwenye sikio la mgonjwa Japani, kwamba koo zake tofauti zilizuka mabara tofauti karibu wakati mmoja, na kwamba WHO 2022 walimweka kwenye kundi la juu kabisa la fangasi wa kushughulikiwa, basi makala mpya ya jeni inayomsaidia kung'ang'ania ngozi na mabomba ya hospitali utaiona ni maneno matupu. Kwaiyo soma msingi kwingine, halafu humu uje kufuata kinachosogea.

Lugha nayo. Ni Kiingereza, na ni Kiingereza cha watu wa fani wanaoandikiana wao kwa wao. Ushauri wangu, anza na michoro na maelezo yaliyo chini ya michoro, hapo mwandishi hawezi kuzunguka sana, afu rudi kwenye ikisiri. Kwenye kutafuta usiandike neno pana kama bakteria au maambukizi, utaletewa mafuriko, andika jina kamili la kijidudu na kitu unachotaka, mfano Klebsiella (jina la bakteria) na utando, halafu bana kwenye fani ya maikrobayolojia na kipindi unachotaka. Na kama hutaki kuingia kila siku jiandikishe alati za imeli za fani hiyo.

Mgonjwa anayetafuta cha kumeza asije huku, nasema kwa nia njema. Mwanafunzi, mtu wa maabara, mwandishi wa habari za afya anayejali kazi yake, mwalimu anayetaka mfano ambao haupo kwenye kitabu, hao ndo wenyewe.

Na kama hujui uanzie wapi, tafuta ile ya Septemba 2025 ya watu wa taasisi ya utafiti ya Arc Institute na Stanford. Walichukua programu ya akili mnemba iliyofundishwa kwa mfuatano wa DNA, wakaiambia iandike jenomu nzima za virusi vinavyoshambulia bakteria, kwa kufuata mfano wa phiX174, kirusi kidogo cha E. coli chenye herufi 5,386, hichohicho ambacho jenomu yake ilisomwa na timu ya mwanasayansi Frederick Sanger 1977. Wakazitengeneza kweli, wakaziweka kwa bakteria, na 16 zikafanya kazi, zikaingia, zikazaana, zikapasua bakteria. Afu wakachukua E. coli waliokuwa wameshajenga usugu dhidi ya phiX174 ya asili, wakawamwagia mchanganyiko wa hivi virusi vipya, na usugu ukavunjwa haraka kwenye nasaba tatu. Kwenye mafunzo ya ile programu waliacha nje virusi vinavyoambukiza viumbe kama sisi, kwa ajili ya usalama, na sababu zao wamezieleza. Someni hiyo sehemu ya usalama taratibu kuliko ile ya matokeo, halafu someni njia walizotumia kuchuja zipi zitengenezwe na zipi ziachwe. Mimi ninachosubiri kuona ni maabara nyingine ikirudia jambo hilohilo kwa kirusi kikubwa zaidi ya hicho, na ikija naamini itatua bioRxiv kwanza, na nitaangalia imeandikwa ni matokeo ya kuthibitisha au ya kupinga.